Kisanduku ya karata ya hisia ya dolari 18: nimeitumia trimesta nzima na batoto 61, sasa musikilize

Balimu benzangu, na nyinyi bazazi mulionitumia mesaji ku WhatsApp kuniuliza kama ile kisanduku ya karata ya hisia inafaa kununua ao ni kukula tu feza ya batu, jibu yangu ni refu kidogo, mukale kwanza.

Yangu niliinunua mwezi wa tisa, masomo inaanza, kwa mama moja mushonaji uko Majengo. Dolari 18. Alianza na 25, tukaongea, akaniuliza nafundisha fasi gani, nikamuambia, akashusha yeye mwenyewe juu anajua mushahara ya mwalimu inakuwaka namna gani. Nikamulipa kwa simu, sababu apa Goma, mu Kongo, vita iliingia Januari 2025 benki zikafungwa, munaijua benyewe. Ndani munakuwa karata 36, ubao ya kitambaa yenye rangi ine, kobe moja ya kitambaa, makaratasi ya nyota za kubandika, na kijitabu ya mwalimu. Nilimuonyesha direkta fakitire, akacheka, nami nikacheka, ile stori ikaishia apo.

Mukumbuke kalasi yangu ni ya tatu primeri, kuko batoto 61 mu chumba ya mbao na mabati yenye ilijengwa kwa batoto 40 hivi, tangu primeri iwe bure mu 2019 madawati haijaongezeka lakini batoto, weh. Nasema ivyo juu kijitabu inaanza tu "pangeni batoto mu duara". Duara ya batoto 61 inatokea mu mulango inapita ku choo ndipo inarudi. Na imeandikwa yote mu Kifaransa, wakati serikali yenyewe inataka madarasa ya chini tuyafundishe mu luga ya kwetu, na kama kuko kitu moja mutoto hawezi kukuambia mu Kifaransa ni vile roho yake iko. Siku ya kwanza nilifika nyumbani na sauti imekauka, juu nilikuwa natafsiri huku nanyamazisha benye kusukumana.

Kisanduku yenyewe sina neno. Ni ya mbao, fundi aliipiga sawa vile banapigaka chukudu, ile kinga ya mbao ya kubeba mizigo, mutoto aliiangusha kutoka ku meza yangu ikafika chini ikabaki nzima. Karata njo shida. Ni karatasi nyepesi, wiki ya pili pembe zikajikunja, na muvumbi yetu hii nyeusi ya volkano ikaingia mu sura zote, ata ile sura ya furaha ikaonekana sawa mutu anatoka kuuzisha makala. Ilinibidi nizipeleke ku sekretaria bazipitishe mu plastiki, franka 500 kwa moja, muhesabu benyewe mara 36. Mama mushonaji nilimuambia, akasema plastiki itapandisha bei. Ni kweli, lakini sasa bei imepandia kwangu.

Sasa tuingie mu mambo yenyewe.

Sura ni sita: furaha, huzuni, hasira, woga, kinyaa, mshangao. Kwanza "hisia" yenyewe batoto hawaijui, waliniuliza "mwalimu, hisia ni nini?", ni Kiswahili ya kitabu, siye tunasemaka tu unajisikia namna gani mu roho. "Kinyaa" nayo hakuna ata moja aliyeijua mpaka nilisema ni ile wakati roho inachafuka, apo balijua bote, balianza kunipa mifano yenye sitaandika apa. Kwa mshangao nikasema kushituka. Lakini ata baada ya kubadili maneno, karata ya woga na ya kushituka balizichanganya, wiki ya kwanza, wiki ya pili, mpaka nikazani fundi wa kuchora njo mubaya. Kumbe si yeye. Ile sura sita inatokana na kazi ya Paul Ekman, Mumarekani wa saikolojia, mu miaka ya 1960 alienda mpaka Papua New Guinea kuonyesha batu ya kabila ya Fore mapicha ya sura, juu aone kama benye hawajaona filme wala gazeti banasoma hasira na furaha sawa vile Bamarekani. Balisoma muzuri, isipokuwa sura ya woga na sura ya kushituka, izo balizichanganya pamoja. Sawasawa na kalasi yangu! Na binti moja wa mustari wa tatu alinipa sababu yenye sijaisoma fasi yoyote, aliniambia tu, "Mwalimu, apa Goma ukishituka ni juu kuko kitu ya kuogopa." Nikaacha kubishana. Ile karata mbili nimezifunga pamoja na elastiki.

Ile ubao ya rangi njo kitu balimu bengi banaisifu, nami nitaisifu, lakini kwa sababu yenye mutengenezaji hakufikiria. Rangi ni bulu, kijani, manjano na nyekundu. Bulu ni mutu amechoka ao iko na huzuni, kijani ametulia, manjano anaanza kuchemka, nyekundu amelipuka. Mupango iyi ya rangi ine ilitoka Marekani, Leah Kuypers aliipanga mu kitabu mu 2011, na bengi duniani banaikopi, uyu mama naye aliikopi, sawa. Nikaitundika ku ukuta asubui, kila mutoto iko na kifungo yenye jina yake, anaingia anaibandika ku rangi ya vile anajisikia. Mbele nimalize kueleza, kelele. "Mwalimu, hiyo ni ya volkano!" Munaona? OVG, ile ofisi ya kuchunguza volkano apa Goma, inatumiaka rangi kutuambia mulima Nyiragongo iko namna gani, kijani, manjano, halafu iko rangi ya machungwa, halafu nyekundu ya kukimbia. Batoto ya Goma hawakungojea kitabu ya Marekani juu ya kujua manjano ni nini, siye tunaishi mu manjano, tunapika mu manjano, tunaoa mu manjano.

Basi nikatupa maelezo ya kijitabu, tukaanza upya na volkano. Nikauliza, mulima ikiwa manjano, batu ya OVG banafanya nini? Banaiangalia, banapima, banasikiliza chini. Haya, na wewe ukiwa manjano nani anakupima? Apo kalasi ilinyamaza kabisa, na kunyamazisha kalasi yangu ni kazi ya maaskari. Kijana moja akasema mama yake. Mwingine akasema hakuna. Tukapanga kila mutoto achague "muchunguzi" wake, mutu moja mu kalasi yenye anaruhusiwa kumuuliza "uko rangi gani?" bila kupigwa. Ile kitu ya muchunguzi haiko ndani ya kisanduku, ni yetu, lakini bila ubao ile tusingeifika, kwa hiyo pointi naiachia mama mushonaji.

Kuko pia swali yenye sikuwa na jibu. Mutoto moja, wakati volkano ya tarehe 22 Mei 2021 alikuwa na miaka ine tu, alisema lakini mwalimu, ile siku hakuna mutu aliyetuambia nyekundu, ilitoka tu. Ni kweli, ilikuwa Jumamosi magaribi, siye bote tuliona tu mbingu imekuwa nyekundu. Nikamuambia ndiyo, na mutu pia anaweza kulipuka bila kupita ku manjano. Akaangalia jirani yake, akasema "sawa uyu." Wakacheka bote wawili. Bulu njo mwanzoni haikupata kazi, banasema ku volkano hakuna bulu, basi wanaita bulu "ziwa", mutu akibandika kifungo uko ni kusema leo anataka tu kutulia sawa Kivu bila kuulizwa ulizwa. Kila Jumatatu asubui ziwa inajaa.

Sasa niseme mubaya, juu kama nasifu tu mutasema nimelipwa.

Kuko karata kumi na mbili za wema. Kila karata iko na kisa fupi, kwa mufano mutoto amemwanga maji ya mwenzake, na chini imeandikwa yenye kufanya: sema pole, lomba musamaha, mupeane mukono. Izi karata sizitaki na nimezitosha. Siye batu ya Kiswahili hatuna shida ya kusema pole! Mutoto wa Goma anajua pole mbele ya kujua jina ya baba yake. Pole ya kuanguka, pole ya kazi, pole ya safari, pole ya mvua, mutu anakukanyaga mu Birere anakutupia pole yake bila kugeuka na yuko mbali. Kwa batoto yangu pole ilikuwa imekuwa sawa franka mia tano ku bariere, unalipa unapita. Anamupiga mwenzake ngumi, "pole", anaenda. Nikimuita ananiangalia na macho safi, "lakini mwalimu, nimesema pole." Na karata inamupa haki!

Tulichofanya ni kugeuza. Mutu amefanya mubaya, pole imekatazwa mpaka kwanza aseme mwenzake anajisikia namna gani, na aseme mu maneno ya mwili, moyo inapiga, tumbo imefunga, roho inamuuma, uso imemuwaka. Kama amekosea mwenye kuumia anamusahihisha. Mara ingine inachukua dakika kumi na rekreasyo inaisha, balikuwa bananikasirikia sana. Siku moja kijana alisema "anasikia hasira", mwenzake akasema apana, nasikia njaa, sijakula tangu jana na wewe ulimwanga ndizi yangu. Iyo njo siku pole ilitoka pole pole, na kipande ya mukate ikafuata yenye sikuiagiza.

Na apo njo niliona kitu ya mukubwa yenye inakosa mu kisanduku: hakuna karata ya haya. Sura sita na hakuna haya! Mutu aliyefundisha wiki mbili tu anajua ngumi mingi mu kalasi hazitoke mu hasira. Kuko kijana wangu, kila tukisoma Kifaransa kwa sauti anapiganaka mbele zamu yake ifike, mwalimu wa mwaka jana aliniandikia "mukorofi". Nilimuomba achague karata, akachukua hasira, sawa. Kesho yake tena hasira. Wiki ya tatu nikawapa makaratasi matupu nikasema muchore sura yenye haiko mu kisanduku. Bengi balichora wivu, macho yameangalia pembeni kwa sahani ya mwenzake, muzuri sana. Mbili balichora njaa, nikawaza kama njaa ni hisia, nikaona nani mimi kukatala. Uyu kijana akachora mutu bila sura, mikono mbili tu imefunika uso, vidole vinene kupita kichwa. Nikauliza ni nini. "Ni wakati banacheka." Tukaiandika HAYA nyuma, tukaiplastikisha, na leo ile njo karata inachafuka kupita zote, juu kila mutu anaishika. Kifaransa bado anasoma mubaya, musifikirie miujiza, lakini sasa mbele zamu yake ifike anainua ile karata, mimi namupitisha ao namusomea mustari wa kwanza tunasoma pamoja, na ngumi zimepungua.

Nyota za kubandika: mutupe. Nasema na upendo. Kijitabu inasema kila mutoto akifanya tendo ya wema abandikiwe nyota moja, mwisho wa wiki mwenye nyota mingi anapigiwa makofi. Siku tatu za kwanza nilizani nimeingia mbinguni, batoto banabebeana mifuko, banafutiana tabulo, nikajisifu mpaka kwa benzangu. Siku ya ine nikagundua kuko kikundi ya batano, moja anaficha biki ya mutu, mwingine "anaipata" na kuirudisha mbele yangu, banabadilishana zamu. Biashara kamili, na munajua siye batu ya mupaka biashara tunazaliwa nayo. Nyota zimebaki mu kisanduku, namupa mutoto moja kama ameanguka aibandike ku bandeji.

Kobe. Kobe njo nililipia dolari 18, izo zingine ni bakishishi. Ni ya kitambaa ya kitenge iliyobakia ku kushona, ukubwa ya mikate mbili, kichwa inaingia ndani inatoka, na haina mudomo. Mwanzoni nikazani mama alisahau. Kumbe alifanya makusudi, alinieleza kama kobe iko na mudomo ya kucheka basi inacheka siku zote ata ku kilio, lakini bila mudomo mutoto yeye mwenyewe anaamua leo iko namna gani. Sijui kama alisoma ao aliwaza tu, lakini balimu bote benye kuchora masmayli ku ukuta bangeenda wafundishwe na uyu mama.

Niko na binti alifika kwetu baada ya vita ya mwisho wa Januari 2025, anaishi kwa shangazi yake, alikuwa haongei. Hata "prezenti" alikuwa anainua tu kidole. Sikumusukuma. Kobe inazungukaka, kila mutoto anakaa nayo ku dawati dakika tano akimaliza kazi. Wiki sita alikuwa anaishika tu anaingiza kichwa anatosha kichwa. Halafu siku moja nasahihisha makaye nikasikia sauti yenye siijui, ndogo, anaambia kobe mambo. Nikajua sasa anasema vita, nikajitayarisha, nikakumbuka yote yenye nimefundishwa mu formasyo. Alikuwa anaiambia kobe kama bugali ya mihogo ya kwa shangazi inanuka na anataka kuikataa lakini anaogopa shangazi atasikia mubaya juu anahangaika kuitafuta. Bandugu. Mutoto wa miaka munane amejaa woga, huruma na kinyaa ndani ya sentensi moja, na ilitoka kwa bugali. Sikumuambia mutu, na shangazi asinisome apa, lakini sasa anaitika prezenti yake kwa mudomo.

Kijitabu iko na ukurasa moja ya mwisho ya kuleta mutoto muchanga mu kalasi, batoto bamuangalie bajifunze kusoma mutu mwenye hawezi kusema. Wazo ni ya Mary Gordon, alianza mu Toronto mu 1996, uko mutoto muchanga anakuja na muzazi wake mara kwa mara mwaka muzima mbele ya kalasi. Nilicheka nikisoma, kuleta bebe mu kalasi ya Goma ni sawa kuleta samaki mu soko ya samaki ya Kituku, babinti yangu nusu banabebaka badogo yabo mugongoni kila jioni. Lakini mwenzangu wa kalasi ya kwanza iko na wa miezi mitano, tukamuweka ku meza, na nikafunga babinti midomo, bavulana peke yabo bajibu anataka nini. Njaa! Usingizi! Pampasi! Balikosea yote mpaka bebe akaanza kulia kwa kweli. Mwenye alipata ni kijana wa karata ya haya, alisema "muko bengi sana mbele yake, musogee mbali naye." Tukarudi nyuma, bebe akanyamaza. Iyo ukurasa ni ya bure, haina feza, muifanye ata bila kisanduku.

Sasa kununua ao kutonunua. Kama uko na kalasi, nunua, lakini jua unanunua kobe na ubao, karata utazichora na batoto na zitakuwa muzuri kupita zake, na weka franka elfu kumi na nane ya plastiki pembeni. Kama uko muzazi wa nyumbani na batoto watatu, ine, usinunue yote, umulombe akushonee kobe peke yake, mimi alinitajia dolari 6 na unaweza kushusha. Ubao nyumbani haina kazi, utamuuliza tu mutoto. Mu formasyo ya masaa mbili kama yenye siye tulipewa, ukiniuliza, hautapata hata nusu ya yenye kobe atakuonyesha. Nyota zangu mimi: 3 na nusu ku 5. Nusu ingine nitaitoa bakitafsiri kijitabu.

Wiki iliyopita mushono wa kobe ulipasuka ku shingo, batoto 61 na kichwa ya kuingia na kutoka, unategemea nini. Nikaipeleka Majengo, nikabeba na ile karata ya haya nimuonyeshe. Mama akaweka sindano chini, akaiangalia muda murefu, akauliza nani alichora, na kama anaweza kuchora ingine kwa karatasi kubwa juu aitie mu visanduku ya mwezi wa kwanza. Nikamuuliza mama, na kijana wangu yeye atapata ngapi? Akaniangalia, akaangalia kobe, akasema basi kushona shingo leo ni bure. Nikamuambia shingo ni yangu, kijana naye? Tukashushana mpaka tukafika ku franka elfu tano na kipande ya kitenge.